Msimkalishe Mgonjwa wa Kifua

Nyumba nyingi za kwetu zina kiti cha aina moja. Kiko barazani au karibu na dirisha, kimetiwa mto mgongoni, na pembeni yake pana stuli yenye chupa ya chai, redio ndogo na kopo la makohozi lenye mfuniko. Anayekikalia zamani alikuwa fundi mwashi, mwalimu, dereva wa lori au mama ntilie. Siku hizi anaitwa mgonjwa wa kifua, na amepewa kazi moja tu: kupumzika. Akijaribu kuinuka, sauti zinamrukia kutoka kila chumba. "Baba, tulia, unataka nini nikuletee?" "Bibi, si umeambiwa usijichoshe?" Hata mjukuu wa darasa la pili ameshajua kumkataza babu yake asiende kufungua geti.

Sina ubishi na upendo uliomo katika sauti hizo. Ubishi wangu ni na ushauri wenyewe, ambao umeenea kuanzia barazani hadi wodini na ambao karibu kila mtu anauona ni akili ya kawaida: kwamba mtu ambaye mapafu yake yamechakaa anatakiwa akae, atumie dawa, angoje. Ushauri huo ni mbovu. Unaharakisha kile kile unachodai kukizuia. Kinachotakiwa mahali pake, yaani mazoezi ya kupumua yanayokwenda pamoja na mazoezi ya mwili, kimepimwa kwa miongo kadhaa, na mizani imeshaegemea upande mmoja.

Simzungumzii mwenye homa ya mapafu aliyelazwa jana, wala mwenye kifua kikuu ambaye ndiyo kwanza ameanza dozi. Namzungumzia mtu ambaye tatizo lake ni la miaka: mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao kwenye kadi ya hospitali huandikwa COPD, mwenye njia za hewa zilizotanuka zikawa vidimbwi vya makohozi, na yule aliyemaliza dawa za kifua kikuu, akaambiwa amepona, kisha akagundua kwamba kimlima kidogo cha kwendea msikitini au kanisani kimegeuka safari. Watu hawa ni wengi. Shirika la Afya Duniani linasema COPD peke yake iliua watu wapatao milioni 3.5 mwaka 2021, na kwamba kati ya wanaokufa nayo kabla ya kutimiza miaka 70, karibu tisa katika kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Wala msidhani ni ugonjwa wa wavuta sigara tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Masindi, Uganda, uliwapima watu wazima 588 wa vijijini wenye zaidi ya miaka 30, ukakuta asilimia 16.2 wanao, na wanawake hawakuwa nyuma ya wanaume. Karibu wote walikuwa wanapikia kuni au mkaa.

Basi tuichukue hoja ya wapumzishaji kama wanavyoisema wenyewe, tena kwa upande wake wenye nguvu. Mgonjwa akitembea, anahema. Akikaa, kuhema kunatulia. Kwa hiyo kutembea kunamdhuru na kukaa kunamtibu. Ni hoja fupi, mtoto anaielewa, na macho yanaithibitisha kila siku. Kasoro yake ni kwamba inachanganya kuhema na kuumia. Mwenye mguu uliotolewa plasta naye husikia maumivu akikanyaga mara ya kwanza, na hakuna anayemwambia asikanyage tena maisha yake yote.

Ili kuona kosa liko wapi, inabidi tuingie kifuani kidogo. Pafu zima ni kitu cha kunywea. Ukivuta hewa unalitanua. Ukiacha, linarudi lenyewe na kuisukuma hewa nje bila wewe kufanya kazi. Katika COPD unyweaji huo umelegea, na vijia vidogo vya hewa vimekuwa vyembamba tena laini, kiasi kwamba mtu akitoa pumzi kwa nguvu vinajikunja na kujifunga kabla hewa haijaisha. Hewa inabaki ndani. Pumzi inayofuata inaingia juu ya mabaki ya ile iliyotangulia. Kifua kinajaa, kinainuka, kinakuwa kama pipa, na ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kiwambo, ambao kwa kawaida umejikunja kama kuba, unasukumwa chini hadi unakuwa bapa na kukosa nafasi ya kufanya kazi. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "siwezi kuvuta pumzi" anasema kweli, lakini kinachomzuia kuvuta ni kwamba hajatoa.

Piga hesabu. Mtu anayepumua mara 15 kwa dakika ana sekunde nne kwa kila pumzi. Moja na kitu ya kuvuta, mbili na zaidi za kutoa. Akishtuka, au akipanda ngazi kwa pupa, anafika mara 30. Sasa ana sekunde mbili tu kwa zote mbili. Njia zake nyembamba haziwezi kumwaga hewa kwa muda huo. Kila pumzi inaacha deni, deni linalimbikizwa, woga unaingia, na woga unaongeza mwendo wa pumzi. Ndipo ndugu wanapomzunguka na kumpigia kelele: "Vuta hewa! Vuta pumzi ndefu!" Wanamwambia ajaze pipa lililokwishajaa.

Zoezi la kwanza analoanza nalo mtaalamu wa fiziotherapia ni kinyume cha kelele hiyo. Mgonjwa anakaa, mabega yameachiwa, viwiko juu ya mapaja. Anavuta hewa kwa pua, taratibu, kiasi tu, bila kuinua mabega. Halafu anaikunja midomo kama anayepoza chai na kuiachia hewa itoke polepole, kwa muda mrefu mara mbili ya ule wa kuvuta. Hapulizi kwa nguvu, wala hakamui hadi tone la mwisho. Ile midomo iliyobanwa inairudishia hewa shinikizo kidogo hadi ndani, na shinikizo hilo linavizuia vile vijia laini visijifunge mapema. Hewa iliyokuwa imenaswa inapata njia. Baada ya pumzi kadhaa kifua kinashuka, kiwambo kinarudishiwa kuba lake, na nafasi ya kuvuta inapatikana yenyewe. Hakuna muujiza wowote hapo, ni kazi ya mabomba na shinikizo. Wazee wengi wanaifanya nusu yake bila kufundishwa: utamwona mtu ameshikilia ukingo wa meza, ameinama mbele kidogo, midomo imechongoka. Mwili umejitafutia. Bahati mbaya ndugu wanaona mkao huo na kumvuta alale chali, mkao ambao kwake ni mgumu kuliko yote.

Jambo la pili ambalo kiti kinafanya liko mbali na kifua. Liko kwenye mapaja. Msuli usiotumika unayeyuka, na wa mgonjwa wa mapafu unayeyuka upesi zaidi, maana ugonjwa wenyewe unaula na pengine hata chakula hali vizuri. Msuli dhaifu unachoka mapema, unazalisha asidi mapema, na asidi hiyo inaudai mwili upumue zaidi. Kwa hiyo yule mzee aliyekalishwa miezi sita, siku atakapokwenda chooni kwa miguu yake atahema kuliko alivyohema kabla hajakalishwa, ingawa mapafu yake ni yale yale. Familia itasema, mnaona? Ugonjwa umezidi. Itaongeza mto. Wanaoutibu uchovu kwa mapumziko wanaupalilia, na kila mavuno mabaya yanawapa ushahidi kwamba walikuwa sahihi.

Imani hii ina asili yake, na asili hiyo si ya kwetu peke yetu. Katika karne ya 19, kabla ya dawa za kifua kikuu, Hermann Brehmer alifungua kituo cha wagonjwa huko Görbersdorf, Silesia, na yeye aliwatembeza wagonjwa wake milimani. Aliyekuwa mgonjwa wake, Peter Dettweiler, akafungua kituo chake Falkenstein, Ujerumani, mwaka 1876, akageuza mambo: wagonjwa walazwe kwenye viti virefu barazani, wamefunikwa mablanketi, saa nyingi kila siku, bila kujitikisa. Dettweiler ndiye aliyeshinda. Viti vyake vilisambaa Ulaya na Marekani, na wakati Kibong'oto inaanzishwa mwaka 1926 kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuwa kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu, karibu dunia nzima ya tiba ilikuwa inaamini kulala. Wapinzani walikuwepo. Pale Frimley, Uingereza, Marcus Paterson alianza mwaka 1905 kuwapa wagonjwa matembezi, halafu vikapu vya kubeba, halafu sepetu, akiongeza kazi hatua kwa hatua.

Kilichoivunja imani ile ni jaribio lililoanza Madras, India, mwaka 1956. Wagonjwa karibu 200 wa kifua kikuu waligawanywa: wengine kwenye vituo vile vya kulaza (sanatoria), kwa kitanda, chakula kizuri na uangalizi, wengine wakarudi kwenye vyumba vyao vya kimaskini, wakala walichopata na kuendelea na shughuli zao. Wote walipewa dawa zile zile. Matokeo yalipotolewa mwaka 1959, wa nyumbani walikuwa wamepona karibu sawa na wa sanatoria. Dawa ndiyo iliyoponya. Kitanda hakikuongeza kitu cha maana. Tangu hapo vituo vile vilianza kufungwa kimoja kimoja, lakini kiti cha Dettweiler kilikuwa kimeshapata nafasi nyumbani kwetu, na hakuna aliyetumwa kwenda kukirudisha.

Upande wa wagonjwa wa COPD mabadiliko yaliletwa zaidi na madaktari wa Marekani. Katika miaka ya 1960, Thomas Petty na wenzake wa Denver walikuwa wanawafundisha wagonjwa kupumua, wanawatembeza, na wanaohitaji oksijeni wanapewa ya kubeba ili watembee nayo. Angalieni hilo la mwisho. Mtungi ulitengenezwa umfuate mgonjwa njiani. Kwetu umekuwa kamba ya kumfungia kitandani.

Na kwa kuwa nimeutaja mtungi, nimalizane nao. Ndugu walioko Dubai, London au Minnesota wakisikia baba anahema, jambo la kwanza ni kuchanga hela za mashine ya oksijeni. Nia ni njema na gharama ni kubwa, kuanzia mashine yenyewe hadi umeme wake. Oksijeni ya nyumbani inarefusha maisha ya mgonjwa ambaye kiwango cha oksijeni katika damu yake kimeshuka sana hata akiwa amekaa. Hilo lilithibitishwa na majaribio mawili mwanzoni mwa miaka ya 1980, na huyo asiinyimwe. Lakini jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 2016, lenye wagonjwa 738 ambao upungufu wao ulikuwa wa kadiri, halikuona faida yoyote, si kwa vifo, si kwa kulazwa, si kwa umbali wa kutembea. Kuhema na kukosa oksijeni ni mambo mawili. Wengi wanaohema, ukiwawekea kile kipimo cha kidoleni, wana oksijeni ya kutosha. Kinachowasumbua ni ile hewa iliyonaswa na yale mapaja yaliyoyeyuka. Mashine haigusi hata kimoja. Wakati mwingine kinachomsaidia mtu kama huyo ni upepo tu usoni. Imepimwa kwamba feni ndogo ya mkononi ikielekezwa puani na mashavuni inapunguza hisia ya kubanwa pumzi, kwa sababu neva za uso zinaupelekea ubongo habari kwamba hewa ipo. Kipepeo cha ukindu kinafanya kazi hiyo hiyo, na hakisubiri umeme urudi.

Sasa niwageukie watu wa upande wangu, maana wapo wanaoniharibia kesi. Mitandaoni kumejaa mabwana wanaouza kozi za kupumua zinazosafisha mapafu, kuyaotesha upya, kuondoa sumu. Wapo waliotuma ule ujumbe wa WhatsApp wakati wa corona, mwaka 2020, kwamba ukiweza kubana pumzi sekunde kumi bila kukohoa basi mapafu yako ni mazima. Ulikuwa uongo mtupu. Hakuna zoezi linalorudisha vifuko vya hewa vilivyokwishaoza, na mgonjwa wa mapafu hatakiwi kubana pumzi anapofanya kazi au mazoezi. Hata zile pumzi za tumbo zinazosifiwa kila mahali hazimfai kila mtu: mwenye ugonjwa uliokomaa, ambaye kiwambo chake kimeshakuwa bapa, akilazimishwa kuvimbisha tumbo anaweza kuzidi kuchoka. Uchambuzi wa mtandao wa watafiti wa Cochrane wa mwaka 2012, uliokusanya majaribio 16 yenye watu 1,233, ulikuta kwamba mazoezi ya kupumua kwa wiki kadhaa yanawaongezea wagonjwa uwezo wa kutembea, lakini kuhusu kupunguza hisia ya kuhema majibu hayakulingana. Wanaopinga hupenda kuishia hapo na kusema, si mnaona? Mimi nasoma tofauti. Pumzi iliyofundishwa ni chombo cha kwenda nacho mahali. Ukimfundisha mtu kukunja midomo kisha ukamwacha kwenye kile kile kiti, umempa jembe asilime.

Mahali pa kukitumia chombo hicho ni kwenye kazi za siku, na hapa ndipo ninapowaomba wenye madigrii washuke jikoni. Chukua kusonga ugali. Mama mwenye COPD anashindwa kusonga ugali kabla hajashindwa kutembea, na watu wanashangaa, maana "amekaa tu". Hajakaa tu. Amekaa kwenye kigoda kifupi, magoti yamelibana tumbo, tumbo limekisukuma kiwambo juu. Mikono yote miwili imeshika mwiko, na misuli ya mabega na shingo ambayo huazimwa na kifua wakati pumzi inapokuwa ngumu sasa ina kazi nyingine. Juu ya hayo ana tabia ambayo sote tunayo: akisukuma mwiko anabana pumzi. Na moshi uko usoni. Mtu mwenye ujuzi atabadilisha vitu vinne. Jiko litainuliwa juu ya tofali au meza ili asonge amesimama au ameketi kwenye kiti cha kimo. Litatolewa nje au karibu na mlango, au liwe la gesi kama uwezo upo. Sufuria itashikiliwa na mwingine au na kile kishikizo cha waya. Na pumzi itapangwa: vuta hewa mwiko ukiwa umetulia, sukuma mwiko huku unatoa hewa kwa midomo iliyokunjwa; misukumo mitatu, pumziko, mitatu tena.

Kanuni hiyo hiyo inakwenda kila mahali. Kwenye ngazi, vuta ukiwa umesimama, toa huku unapanda mbili, simama. Ndoo inanyanyuliwa wakati wa kutoa. Kuinama kufagia kwa ufagio wa chelewa kunabana tumbo, basi ufagio ufungwe mpini mrefu. Kwenye swala, anayebanwa akirukuu na kusujudu aende chini huku anatoa pumzi, na akizidiwa aswali kwenye kiti; dini imeshamruhusu. Mambo haya yanaonekana madogo mno kuitwa tiba, na nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kudharauliwa kwake. Hayana sindano, wala mtu hawezi kuyaonyesha kwa jirani.

Kuhusu makohozi nitasema kidogo. Mgonjwa wa njia za hewa zilizotanuka, au aliyeachiwa makovu na kifua kikuu, hukohoa hadi mbavu zinauma na kohozi halitoki, kwa sababu kikohozi kikali kinazifunga zile njia laini. Kuna namna ya kupumua kwa mzunguko: pumzi tulivu kadhaa, kisha tatu au nne za kujaza kifua, kisha kutoa hewa kwa "haa" ya koo wazi, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo, mara moja au mbili. Kohozi linapanda bila vita. Wengine hutumia chupa yenye maji ya kina cha sentimeta kumi hivi na mrija mpana, wanapuliza mapovu taratibu. Yale maji yanafanya kazi ya midomo iliyokunjwa. Maji yabadilishwe kila siku, na anayekohoa damu asifanye kabla hajaonana na daktari.

Ushahidi wa jumla ni huu. Mwaka 2015 uchambuzi mwingine wa Cochrane ulikusanya majaribio 65 ya wagonjwa 3,822 wa COPD waliopewa programu kamili ya mazoezi ya mapafu, wakalinganishwa na waliopewa matibabu ya kawaida. Waliofanya mazoezi walitembea zaidi, kuhema na kuchoka kwao kulipungua, na maisha yao yalikuwa bora kwa kiwango ambacho mgonjwa mwenyewe anakihisi. Wachambuzi walihitimisha kwamba hakuna haja tena ya majaribio ya kuuliza swali hilo. Lilishajibiwa.

Najua jibu la haraka: hayo ni ya Ulaya. Basi twendeni Kampala. Watafiti wa Makerere pamoja na wenzao wa Uingereza walichapisha mwaka 2017 matokeo ya programu ya wiki sita kwa watu walioharibiwa mapafu na kifua kikuu. Walianza watu 34, wakahesabiwa 29 mwishoni. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 45, umri wa kulea na kulipa ada. Kipimo kilikuwa cha kutembea kati ya alama mbili kwa kufuata mlio wa rekodi unaozidi kuharakishwa. Mwanzoni walimudu wastani wa mita 299. Baada ya programu, 377. Walipopimwa tena wiki sita baada ya kumaliza, 374. Kundi lilikuwa dogo na halikuwa na wa kulinganishwa nao, hilo nalikubali. Lakini linganisheni mita hizo na kile ambacho wagonjwa wa aina hii hupewa kwa kawaida, nacho ni kauli ya "umeshapona, nenda".

Daktari mwenye kubisha atauliza: kipimo cha kupuliza kilibadilika? Kwa kawaida hakibadiliki, na swali hilo linanipa nilichokuwa nakitafuta. Mapafu yale yale yaliyoandikwa kwenye faili kuwa nusu yanamfikisha mtu mbali zaidi. Tumezoea kulitibu faili.

Kisingizio cha vifaa sikikubali. Kinachohitajika ni korido au kivuli cha mwembe chenye mita kumi zilizonyooka, viti viwili, chupa za maji za kunyanyua, saa, kile kipimo cha kidoleni, na mtu mmoja aliyefundishwa. Watu hao wanasomeshwa hapa hapa. Chuo cha fiziotherapia pale KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwatoa kwa miaka mingi. Wengi huishia kwenye migongo na viharusi kwa sababu hakuna anayewapelekea wa mapafu. Mgonjwa anatoka wodini na karatasi yenye antibiotiki, dawa ya kuvuta na siku kumi na nne za kupumzika kazi (ED), na neno mazoezi halimo. Tusijidanganye kwamba ni umaskini tu. Marekani, ambako programu zipo na bima inalipa, wazee karibu 197,000 waliolazwa kwa COPD mwaka 2014 walifuatiliwa: walioanza mazoezi ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 1.5. Kati ya hao wachache, asilimia 7.3 walikufa ndani ya mwaka; kati ya wale wengine wote, asilimia 19.6. Huenda walioanza walikuwa na nafuu tangu mwanzo, takwimu za namna hiyo haziwezi kuondoa shaka yote. Ila pengo ni pana mno kulipuuza, na uzembe ule wa asilimia 1.5 haukusababishwa na ukosefu wa korido.

Dawa ya kuvuta isitupwe. Nasema hivyo kwa sababu nimeshasikia watu wakiisoma hoja hii kama ruhusa. Anayetumia dawa ya kufungua njia aivute kabla ya zoezi, kwa namna aliyofundishwa. Kuhema wakati wa zoezi kunatakiwa. Kipimo cha mtaani kinatosha, kwamba aweze kusema sentensi fupi lakini asiweze kuimba. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, midomo kugeuka rangi, damu kwenye kohozi, mguu mmoja kuvimba ghafla: hapo anasimama na anapelekwa hospitali.

Imebaki hoja moja, na hiyo haitoki hospitali. Ni ya heshima. "Mama amehangaika vya kutosha, tumeshakua, muache apumzike." Mtoto anayemwona mama yake mwenye kuhema anafagia uani huona aibu mbele ya majirani, na aibu hiyo ina nguvu kuliko majaribio 65. Mimi naiheshimu, lakini haiangalii mama anataka nini. Mwanamke aliyeendesha nyumba miaka arobaini, sasa anaomba ruhusa ya kwenda kuangalia kuku wake, hajapandishwa cheo. Katika programu za mazoezi ya mapafu, pamoja na kupimwa mita na oksijeni, mgonjwa huulizwa ni kitu gani alichoacha kukifanya ambacho angependa kukirudia, na mazoezi yanapangwa kuelekea huko. Mmoja atasema kuku, mwingine swala ya Ijumaa, mwingine kwenda kulipokea basi la mtoto wake stendi. Sijui familia ngapi zimewahi kumuuliza hivyo mtu wa kile kiti. Kabla hamjamwongezea mto, muulizeni alikuwa anataka kwenda wapi.